Mtoto wa paka wa siku sita: jicho bado limefumba lakini limevimba na linatoa usaha. Nifanye nini usiku huu?

FundiSindano

Wadau, habari za usiku. Najua wengi mmelala, ila mwenye uzoefu na watoto wa paka wachanga kabisa naomba anisaidie. Nimekaa hapa na mizani ya jikoni mapajani na sijui nianzie wapi.

Paka wetu alizaa siku sita zilizopita. Nilimwandalia boksi zuri, nikatandika na blanketi. Akalitazama kama mteja aliyeletewa gauni lisilo lake, akaenda kuzalia kwenye gunia la mabaki ya vitambaa chini ya cherehani. Watoto wanne: watatu wamejaa vizuri, wa nne ni kale kadogo ka kijivu, binti yangu amekaita Punje.

Tangu siku ya kwanza nawapima uzito asubuhi na jioni. Ni mazoea ya kazi, siwezi kukaa na kitu bila kukipima. Punje kalizaliwa na gramu 84. Kakapanda polepole mpaka jana asubuhi 112. Jana jioni 112 tena. Leo jioni 109. Wenzake wako 158, 163 na 171.

Sasa jicho. Wote macho yamefumba, hilo najua ni kawaida. Lakini la kushoto la Punje limeinuka. Ukilitazama kwa ubavuni ni kama mtu amesahau kifungo chini ya kitambaa halafu akashona juu yake. Jana nilidhani ni kivuli cha taa. Leo pembeni, upande wa pua, kumetokea kidoti cha manjano. Nikakifuta kwa pamba na maji ya uvuguvugu, baada ya saa moja kimerudi. Ngozi ya kope siyo nyekundu sana, imevutika tu na inang'aa. Nikigusa, kanalia.

Mama yao anawalamba wote, ila mara mbili leo nimekakuta Punje nje ya kundi, kamelala peke yake kwenye pindo la gunia. Nikikarudisha kananyonya kidogo kisha kanaachia. Hata sauti imebadilika. Mwanzo kalikuwa ndiko kakorofi kuliko wote, sasa kanalia kama bawaba isiyotiwa mafuta, halafu kimya.

Kosa langu nalisema mwenyewe kabla hamjaniuliza: mchana nilikaweka tone moja la dawa ya macho iliyobaki nilipougua mimi mwaka jana. Chupa imeandikwa antibayotiki na deksamethasoni.

Na mama yao amekuwa akipiga chafya tangu kabla ya kuzaa. Sijui kama inahusiana, nataja tu.

Kliniki ya mifugo inafunguliwa asubuhi. Je, nilifungue hili jicho mwenyewe? Nikape maziwa? Au nisubiri, maana hata siku ya kufungua macho haijafika?

MleziWaVichanga

Fundi, pole. Niko macho, nina yatima watatu wanaokula kila baada ya saa mbili na nusu, kwa hiyo tuko zamu moja.

Kusubiri, hapana. Watoto wa paka hufungua macho kati ya siku ya 7 na ya 14. Kabla ya hapo kope zimeshikana, na vijidudu vikishaingia nyuma yake, usaha hauna pa kutokea. Unajaa, kope inavimba, na kioo cha jicho kinashinda kimelowa humo humo. Kikichimbika kinaweza hata kutoboka. Kwa hiyo hicho kifungo chako ni ugonjwa, wala hakingoji tarehe. Kliniki ikifunguliwa ukutwe mlangoni.

Lakini usiku huu jicho silo linalonitisha. Kinachonitisha ni gramu 109, kulala nje ya kundi, na hiyo sauti ya bawaba. Una kipimajoto? Kile chenye ncha laini kinachoonyesha namba. Kipake mafuta kidogo ya kulainisha, ingiza ncha tu kwenye njia ya haja kubwa, usisukume. Mchanga wa wiki ya kwanza huwa kwenye 35 hadi 36 na ushee, hafikii joto la paka mkubwa. Chini ya 35 ni baridi, na mtoto wa umri huu hawezi hata kutetemeka ili ajipashe mwenyewe. Nitajie namba kwanza. USIMPE CHOCHOTE MDOMONI kabla hujanijibu.

FundiSindano

34.6. Nimerudia mara mbili, mara ya pili 34.5.

MleziWaVichanga

Sawa. Basi hapo ndipo pa kuanzia.

Mtoto akiwa baridi, tumbo lake linasimama. Maziwa utakayompa hayasagwi, yanakaa tu yanachacha, au anashindwa kumeza yanaingia mapafuni. Watu wengi hupoteza watoto hapa, kwa huruma. Wanaona kamelegea, wanakimbilia kukalisha. Pasha kwanza, lisha baadaye.

Mweke kifuani mwako, ngozi kwa ngozi, ndani ya nguo, kitambaa chepesi juu yake. Chukua chupa ya maji ya moto, izungushie taulo mpaka ukiibana mkononi dakika nzima isikuunguze, iweke ubavuni. Usimzamishe kwenye maji, usitumie kikausha nywele karibu naye, usimlaze juu ya chupa moja kwa moja. Mgeuze ubavu mara kwa mara. Haraka haifai, mpe saa moja, hata mbili. Ukimpasha ghafla mwili unashtuka.

Wakati unapasha, koroga sukari kwenye maji ya uvuguvugu, chovya ncha ya kidole, mpake kwenye fizi. Kupaka tu, usimdondoshee.

Akifika 35.5 hivi na kuendelea, mrudishe kwa mama, lakini siyo kwenye vurugu. Watoe wale vibonge watatu, wafunike mahali penye joto kwa dakika ishirini, umwekee Punje chuchu za nyuma, huko maziwa huwa mengi. Mshike pale, usimwache atafute. Mpime kabla na baada. Mizani yako ndiyo itakuambia kama amenyonya kweli au alikuwa ananyonya hewa. Ukiona gramu mbili tatu zimeongezeka, umefanikiwa. Asiponyonya kabisa, kesho daktari akupe maziwa maalumu ya watoto wa paka na akuonyeshe kumlisha akiwa amelala kifudifudi, kamwe siyo chali kama mtoto wa binadamu. Maziwa ya ng'ombe yatamharisha, na kwa gramu 109 kuharisha hakuna mjadala.

Jicho kwa usiku huu: shashi safi, maji yaliyochemshwa yakapoa hadi uvuguvugu, uweke juu ya kope bila kukandamiza dakika tano hadi kumi, kisha futa kuanzia puani kwenda nje. Shashi mpya kila mara. Pale puani ndipo kope huanzia kuachana, kwa hiyo ikijiachia yenyewe na usaha ukatoka, shukuru, futa, endelea. Isipojiachia, iache.

Ile dawa yako nawaachia wanaoijua vizuri, ila usirudie.

Mzee_wa_Mitishamba

Mnamzungusha mwenzenu bure. Sisi tumefuga paka tangu utoto. Chukua sindano, ichome moto ipoe, toboa kidogo kwenye huo uvimbe, kamua. Halafu robo ya kidonge cha antibayotiki ya watu kwenye maziwa. Siku mbili anakimbia.

MsaidiziKliniki

Mzee wangu, shikamoo, lakini hapa hapana.

Nafanya kazi kliniki ya wanyama, siyo daktari, nasaidia tu mezani. Nimewashika watoto wa hivi wakati daktari anawafungua jicho. Fundi, wewe utanielewa kwa kuwa ni fundi: kope zimeshikana kwenye mstari mmoja, kama mshono. Daktari halengi uvimbe, analainisha huo mstari kwa maji ya chumvi ya hospitali yenye uvuguvugu, halafu anauachanisha taratibu kuanzia pembe ya pua. Hakuna kutoboa kitu. Ukitoboa katikati ya uvimbe umetoboa kope, na nyuma yake papo hapo kuna jicho. Mtoto akitikisa kichwa mara moja tu, basi.

Robo ya kidonge cha mtu mzima kwa kiumbe cha gramu 109 haipimiki. Unga wenyewe huwezi hata kuugawa sawasawa. Dawa za mdomo kwa wachanga hupimwa kwa matone na kwa uzito wa siku hiyo hiyo, na siyo kila antibayotiki inawafaa. Zipo zinazoharibu meno yanayoota, zipo zinazogusa mifupa na viungo. Na wasomaji wengine mnaopita hapa, maana najua swali linalofuata: parasetamoli ni sumu kwa paka, mkubwa kwa mdogo. Hata kipande.

Sasa ile deksamethasoni. Hiyo ni steroidi. Inapunguza wekundu na uvimbe, ndiyo maana watu wanaipenda, unaona jicho limetulia. Lakini kama kioo cha jicho kina kidonda, steroidi inazuia kidonda kupona na inawapa vijidudu nafasi. Na hapa kuna jambo ulilolitaja kama la pembeni, kumbe ndilo kiini: chafya za mama. Paka mwenye mafua ya muda mrefu mara nyingi amebeba virusi vya hepesi vya paka. Havimpati binadamu, usiogope. Vinatulia mwilini, na mwili ukichoka, kama kwenye kuzaa na kunyonyesha, vinaamka. Anapowalamba watoto anawapaka. Bakteria nao, wakiwemo wa klamidia, wanaweza kupita njia hiyo hiyo. Steroidi juu ya hepesi ni kumwaga petroli.

Habari njema ni kwamba jicho lilikuwa limefumba. Tone lako pengine lilibaki kwenye manyoya.

Kesho nenda na chupa hiyo, na hilo daftari lako la uzito, na ikiwezekana mama yao na watoto wote. Daktari akimwona Punje peke yake atatibu jicho moja. Akiwaona wote ataangalia macho mengine sita, maana bado yamefumba na chanzo ni kile kile. Angalia na vitovu vyao ukiwa na mwanga mzuri. Kwa siku sita vingekuwa vimekauka na kudondoka. Palipovimba, pana unyevu au harufu, mwambie. Na kandakanda chuchu za mama moja moja, kama kuna iliyo ngumu na ya moto, useme pia.

Mikono: nawa kila unapotoka kwa Punje kabla ya kugusa wengine. Kila mmoja na kitambaa chake. Wewe vitambaa si tatizo.

ChongoWetu

Sina utaalamu, nina paka wa miaka sita mwenye jicho moja. Alikuwa hivyo hivyo. Mimi niliambiwa nisubiri siku kumi na nne zitimie, nikasubiri. Siku ya kumi na moja kope ilipasuka yenyewe usiku. Daktari hakuwa na cha kuokoa. Nenda mapema, Fundi.

FundiSindano

Saa kumi na moja alfajiri. 35.8. Nimekaa na Punje ndani ya sweta saa mbili kasoro, mke wangu ameamka akanikuta naongea na kifua changu.

Kwenye saa tisa kalianza kusukuma kwa miguu ya mbele, ule mtindo wao wa kukanda. Nikawatoa wale vibonge, nikamweka chuchu ya nyuma kabisa. Kwanza kalishika kakaachia. Kakashika tena. Nikasikia kile kisauti cha kumeza, sijui kama mnakijua, kama saa ya mkononi ukiiweka sikioni. Kabla 108, baada 111. Mzee, samahani, sindano imebaki kwenye cherehani.

Nimeweka shashi mara tatu. Mara ya tatu pembeni pakaachia kama upana wa kichwa cha pini, usaha ukatoka mzito, wa rangi ya kamba ya manila. Nilitamani sana kuvuta kidogo. Sikuvuta.

Nimewakagua wengine kwa tochi ya simu. Vitovu vikavu vyote. Ila yule mwenye gramu 163 jicho lake la kulia halijakaa sawa na la kushoto. Kidogo mno. Ningekuwa sipimi vitu kwa kazi nisingeona. Tunaondoka wote, na gunia lao.

MleziWaVichanga

Gramu tatu! Weka chupa ya maji ya moto kwenye kikapu, ufunike. Njiani ndiko wanakopoa tena.

FundiSindano

Tumerudi, nawaletea habari kwa haraka kisha nilale.

Daktari alifanya kama MsaidiziKliniki alivyosema, mpaka nikadhani ni yeye aliyeandika. Maji ya chumvi ya uvuguvugu, pamba, taratibu, kuanzia kwenye kale katundu. Usaha uliotoka ni mwingi kuliko nilivyodhani kichwa kile kinaweza kubeba. Aliosha kwa sirinji isiyo na sindano mpaka maji yakatoka meupe. Jicho lipo! La rangi ya moshi, lakini lipo. Kisha akaweka rangi ya manjano, akazima taa, akamulika kwa mwanga wa bluu: pakang'aa kijani padogo, kama ncha ya uzi. Akasema hicho ni kidonda, ni cha juu juu. Akaishika chupa yangu ya dawa, akaisoma, akaniangalia, akaiweka kwenye pipa lake la taka mwenyewe. Hakusema neno. Ningependa angesema.

Punje kamepewa dawa ya macho ya mafuta ya antibayotiki, isiyo na steroidi, mara nne kwa siku, na maji chini ya ngozi kwa sindano ndogo sana, yaliyopashwa. Kaliibuka na kinundu mgongoni kama amebeba mkoba, akasema kitanywea chenyewe. Kuhusu mafuta ya jicho, alisisitiza kitu ambacho sikukijua: jicho lililofunguliwa kabla ya siku zake bado halitoi machozi ya kutosha, kwa hiyo yale mafuta ni dawa na pia ni kulizuia lisikauke. Nisiruke hata mara moja.

Yule wa 163 naye alikuwa na usaha, kidogo. Amefunguliwa, kioo chake kizima. Mama amechunguzwa, chuchu nzima, mafua yake yatafuatiliwa. Nimepewa maziwa maalumu na sirinji ya mililita moja, nimwongezee Punje kila baada ya saa tatu, kifudifudi, na nisimwache hata usiku. Mke wangu amechukua zamu ya saa nane.

Swali la mwisho: kope zinajaribu kushikana tena kila kakilala. Nafanyaje?

MsaidiziKliniki

Hilo litaendelea siku kadhaa. Kila kabla ya dawa, shashi ya uvuguvugu kwanza mpaka ukoko ulainike, ufute, ndipo upake. Ukipaka dawa juu ya kope iliyoshikana umepaka manyoya, kama lile tone lako la kwanza. Ikishikana kiasi kwamba shashi haisaidii, au uvimbe ukirudi, au kioo kikawa cheupe zaidi badala ya kupungua moshi, mrudishe siku hiyo hiyo. Na uzito ukishuka vipimo viwili mfululizo, usingoje jicho likuambie.

FundiSindano

Siku ya kumi na tatu. Narudi kwa sababu ChongoWetu ameniuliza faragha.

Asubuhi ya leo Punje 171. Ni uzito ambao yule mkubwa alikuwa nao siku ile naandika swali, kwa hiyo tuko wiki nzima nyuma, lakini mstari kwenye daftari unapanda. Jicho la kulia kamelifungua kenyewe juzi. La kushoto lina ukungu mdogo chini kidogo ya katikati. Daktari amelimulika tena, kijani hakipo. Anasema ukungu huenda ukapungua kadiri anavyokua au ukabaki kama alama, na kuona ataona.

Nimejaribu kusogeza uzi mwekundu mbele yake. Kichwa kilifuata, kikachelewa, kikafuata tena. Halafu kakanipigia kelele ile ya zamani, ya ukorofi, kwa sababu maziwa yalikuwa yamechelewa dakika kumi.

Gunia nimewaachia. Mabaki mapya natia kwenye ndoo.